Samaki gani wa mto Congo anaweza kuishi nyumbani? Mchague kwa pumzi, si kwa rangi

Kisangani imejengwa kando ya mto wenye samaki wengi kuliko karibu mito yote ya Afrika. Wataalamu wameandika zaidi ya aina 700 za samaki katika bonde la mto Congo, na bado wanaongeza zingine. Kati yao kuko wadogo, wa rangi nzuri, ambao watu wa Ulaya, Asia na Marekani wanawanunua kwa pesa juu ya kuwatazama tu ndani ya kioo. Hapa kwetu samaki hao hao wanapita sokoni bila mtu kuwaangalia, sababu hawatoshi hata kwa supu.

Lakini hata Kisangani watu wanaotaka akwariamu wapo: nyumbani, kwenye hoteli, kwenye shule. Na mara nyingi mambo yanaenda vibaya kwa njia ile ile. Mtu anatengeneza kioo, anamwomba mvuvi amletee samaki wazuri, anawaweka wote pamoja, na kisha ya siku tatu wanaanza kuelea tumbo juu. Anafikiri maji yalikuwa na sumu, ao jirani ana jicho baya. Kwa kawaida si hivyo. Aliwachagua kwa rangi, wakati mto wenyewe unawapanga kwa namna nyingine.

Swali la matumbawe

Wengine wanaona kwenye simu video za akwariamu za bahari, zenye matumbawe ya rangi zote, na wanauliza kama inawezekana hapa. Tumbawe linaonekana sawa vile ua ao jiwe, lakini ni mnyama. Mengi yanaishi na mimea midogo sana ndani ya mwili wao, na mimea hiyo inahitaji mwangaza mkali kila siku. Yanataka pia maji ya chumvi yaliyopimwa, joto lisilobadilika, na pompi inayosukuma maji usiku na mchana. Matumbawe laini yanavumilia makosa kidogo. Yale magumu, yanayojenga mifupa ya chokaa, hayavumilii hata kidogo. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa tu ni kilometa 1,734 kwa mto, na bahari bado iko mbele. Ukiongeza umeme wa kukatika-katika, jibu ni wazi: hapana.

Hata hivyo wenye matumbawe wana sheria moja inayotufaa. Hawaulizi kwanza «lipi ni zuri?» Wanauliza «hili limetoka wapi, kwenye maji yanayokwenda kasi ao yaliyotulia, na mimi nyumbani niko na nini?» Swali hilo ndilo la kumuuliza mvuvi wa Kisangani.

Mto mmoja, maji ya aina tatu

Ukisimama Wagenia, mbele yako kuko maji ya kwanza: maporomoko. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yamepangana kwa karibu kilometa 100 kutoka Ubundu hadi hapa. Maji yakigonga mawe yanajichanganya na hewa, kwa hiyo yana pumzi nyingi, ile wataalamu wanaita oksijeni. Samaki mdogo anayeishi kati ya mawe hayo amezoea kupumua bila shida. Mpeleke kwenye beseni lililotulia, ni sawa vile kumfungia mtu ndani ya chumba bila dirisha.

Maji ya pili ni ya mto mkubwa wenyewe, chini ya maporomoko, na midomo ya mito ya Tshopo na Lindi. Hapa maji yanakwenda polepole zaidi, pumzi ni ya wastani, na samaki wengi wanatembea kwa makundi karibu na ukingo, penye majani na miti iliyoanguka.

Maji ya tatu ni ya msituni: vijito, mabwawa, na maji yanayobaki chini ya miti kisha mto kupungua. Maji haya mara nyingi ni ya rangi ya chai, sababu ya majani yanayooza ndani yake. Kuoza kunakula pumzi. Ndiyo maana samaki wengi wa huko wamejifunza kitu ambacho wenzao wa maporomoko hawana: wanapanda juu na kuvuta hewa, sawa vile sisi. Ngolo, mongusu na nzombo wote wanaweza, na kila mama anayeuza samaki anajua ngolo anakaa hai ndani ya beseni wakati wengine wamekwisha kufa.

Elimu hii inaendelea kujengwa hapa hapa mjini. Mwaka 2010 watafiti wa Congo na wa nchi za nje walifanya safari kubwa ya kuchunguza mto kutoka Kisangani, iliyoitwa Boyekoli Ebale Congo, na Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS) kina kituo chake cha kuangalia viumbe hai, kinachojulikana kama CSB. Lakini wavuvi wanaweza pia kukueleza samaki fulani anapatikana kwenye maji gani. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya kuomba, mbele ya kuuliza bei.

Umeme ndio unaamua

Akwariamu nyingi zinazoonekana kwenye vitabu na video zimepangwa kwa nchi ambako umeme haukatiki. Pompi inazunguka saa 24, inachanganya maji na hewa, inapitisha maji kwenye chujio. Kisangani si hivyo. Kituo cha umeme cha mto Tshopo kilijengwa miaka ya 1950, kina mitambo mitatu, na mtambo mmoja ukiharibika mji wote unasikia. Kuko komini ambamo umeme unakuja saa chache tu, na kuko avenue ambako haufiki kabisa.

Tena, maji ya moto yanabeba pumzi kidogo kuliko maji ya baridi. Maji ya digri 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita moja. Yakifika digri 28, ni karibu miligramu 7.8 tu, na samaki mwenyewe, sababu ya joto, anahitaji zaidi. Kwa upande mwingine tuna faida moja: samaki wetu wamezoea joto hili, kwa hiyo hakuna haja ya kununua kifaa cha kupasha maji.

Kwa hiyo anayechagua samaki ajiulize kwanza: pompi ikizimika saa kumi ao kumi na mbili, nani atabaki hai?

Wanaovumilia

Wa kwanza ni samaki-kipepeo, Pantodon buchholzi. Ana sentimeta kama 10 hadi 13, rangi ya jani kavu, na mapezi mapana ya pembeni ambayo ukiyatazama kutoka juu yanafanana na mabawa. Anaishi chini kidogo ya uso wa maji yaliyotulia, anangoja wadudu waanguke, na anaweza kuvuta hewa. Pompi yenye nguvu inamsumbua. Ila ni mrukaji: bila kifuniko, asubuhi utamkuta chini kwenye sima.

Wa pili ni Ctenopoma acutirostre, samaki wa madoadoa sawa vile chui, anayefika sentimeta 15. Juu ya matamvua ana kiungo cha kupumulia hewa. Anatembea polepole kati ya majani, kisha anafungua kinywa kikubwa ghafula. Kila samaki anayeingia katika kinywa hicho ni chakula, kwa hiyo asiwekwe na wadogo.

Wa tatu ni likoko mdogo anayeogelea kichwa-chini, tumbo-juu: Synodontis nigriventris. Makoko ni wengi na wengine wanakuwa wakubwa, lakini huyu anaishia karibu sentimeta 10. Tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo, kinyume cha samaki wengine, sababu tumbo ndilo linatazama juu. Havuti hewa sawa vile ngolo. Lakini maji yenye pumzi nyingi zaidi ni yale ya juu kabisa, yanayogusana na hewa, na kwa kulala chali kinywa chake kinafika pale pale kwa urahisi. Anapenda kuishi na wenzake, watano ao zaidi, na mti wa kujifichia mchana.

Kuko pia polipteri, samaki mrefu mwenye mapezi madogo mengi yaliyopangwa mgongoni. Ana mapafu, na akizuiwa kufika juu anaweza kufa maji, ingawa ni samaki. Lazima kubaki nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko, na kifuniko kifungwe vizuri, maana anatoroka. Shida yake ni ukubwa: aina nyingine zinafika sentimeta 60. Ni wa mtu mwenye kioo kikubwa.

Anayehitaji msaada kidogo

Mzuri kuliko wote kwa macho ya wengi ni tetra ya Congo, Phenacogrammus interruptus. Dume anafika sentimeta 8 hivi. Mwangaza ukimpiga ubavuni anaonyesha buluu, dhahabu na kijani kwa pamoja, na mapezi yake yanaburuta sawa vile kitambaa. Ni samaki wa kundi. Ukimweka peke yake ao wawili, anakuwa mwoga, anapoteza rangi, anajificha. Wanane wakiwa pamoja, wanatembea wazi na madume wanaonyeshana mapezi.

Hana njia ya kuvuta hewa. Anaweza kuishi Kisangani, lakini kwa mtu mwenye pompi ndogo ya hewa inayotumia batri, na paneli ya jua ya kuichaji. Pompi hizo hazili umeme mwingi. Bila hiyo, ni afadhali kumwacha.

Wanaodanganya macho

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Samaki mwenye mdomo wa tembo, Gnathonemus petersii, anavutia kila mtu. Ile inayoonekana kama mkonga ni kidevu kirefu anachotumia kutafuta wadudu na minyoo kwenye mchanga, na mkiani ana kiungo kinachotoa umeme mdogo sana, usiosikika kwa mkono, wa kumsaidia kutambua njia gizani. Lakini ubongo wake ni mkubwa kupita kiasi. Watafiti walipima, wakakuta ubongo peke yake unakula karibu 60 kwa mia ya oksijeni yote anayovuta. Kwa mtu ni karibu 20 kwa mia. Pumzi ikipungua, huyu ni kati ya wa kwanza kuteseka. Tena mawe makali yanaumiza kidevu chake. Si samaki wa mwanafunzi.

Mboto mdogo wa mistari, Distichodus sexfasciatus, akiwa mtoto ni rangi ya machungwa yenye mistari sita myeusi. Kila mtu anamtaka. Lakini anakula majani yote ya akwariamu, na akikua anafika sentimeta 75, rangi ikiwa imefifia. Mboto ni mboto: mahali pake ni mtoni, kisha kwenye sahani.

Ngolo, mongusu na nzombo wanavumilia ukosefu wa umeme, ndiyo, lakini wanakua sana na wanakula wenzao. Pumzi ni swali la kwanza, si la mwisho.

Wasiingie nyumbani

Mbenga, Hydrocynus goliath, anapita meta moja na meno yake yanajulikana na kila mvuvi. Hata mtoto wake anamaliza wengine wote. Nina anatoa umeme unaoweza kufika volti 350. Mtoto wa nyumbani akiingiza mkono ndani ya maji, anaweza kuumia vibaya. Na samaki anayejivimbisha sawa vile mpira, Tetraodon mbu, anapita sentimeta 60, anakata mapezi ya wenzake, na mwili wake una sumu. Hao watatu mto unawatosha.

Nani akae na nani

Mwenye umeme wa shida achague kioo kipana na kifupi, si kirefu kwenda juu. Pumzi inaingia kupitia uso wa maji. Uso ukiwa mpana, inaingia nyingi. Kioo cha urefu wa sentimeta 100, upana 50 na kina 30 kinabeba lita 150. Ndani yake samaki-kipepeo watatu, Ctenopoma mmoja ambaye hajapita ukubwa wao, majani yanayoelea na mti uliozama: hapo hakuna pompi inayohitajika kila saa.

Mwenye batri na paneli anaweza kutafuta kioo cha sentimeta 120 kwa 40 kwa 40, ni kusema lita 192, aweke tetra nane na makoko watano wa tumbo-juu. Tetra wanakaa katikati, makoko wanakaa kwenye kivuli, hakuna anayemsumbua mwenzake. Asichanganye vikundi viwili hivi: tetra wadogo wataishia ndani ya kinywa cha Ctenopoma.

Mbele ya kuweka kioo juu ya meza, kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo hicho cha pili kikijaa kina kilo karibu 200 bila kuhesabu kioo chenyewe na mchanga. Meza ya salon haibebi.

Juma za kwanza ni za kungoja

Hata samaki aliyechaguliwa vizuri atakufa kama ameingizwa siku ile ile kioo kilijazwa. Mkojo na mavi ya samaki vinatoa amonia, ambayo ni sumu isiyoonekana. Bakteria wazuri wanaigeuza kuwa kitu kingine ambacho nacho bado ni sumu, kisha kuwa kitu kisicho na ukali sana. Bakteria hao wanahitaji juma nne hadi sita ili wazae na kutosha kwenye mchanga na chujio. Weka mchanga, mti, majani na konzi ya chakula kidogo, ngoja. Kisha anza na samaki wawili ao watatu, wengine wafuate polepole.

Maji ya REGIDESO yana klorini inayoua bakteria hao na kuunguza matamvua. Yaache ndani ya beseni wazi siku moja nzima mbele ya kuyatumia. Maji ya mvua yanafaa samaki wa msituni, lakini yale ya kwanza yanayosafisha vumbi la mabati yamwagwe. Beseni na bidoni zifunikwe kisha ya siku hiyo, zisigeuke nyumba ya mbu. Kila juma ondoa robo ya maji, rudisha mengine. Usibadilishe yote kwa mara moja.

Chakula kiko bure: kumbikumbi, minyoo ya udongo, watoto wa mbu. Toa kidogo, kile wanachomaliza kwa dakika chache. Kinachobaki kinaoza, na kuoza kunakula pumzi.

Umeme ukikatika

Usiwape chakula mpaka urudi. Ondoa jua lisipige kioo. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kumi na tano hivi, kila nusu saa. Ni maporomoko madogo unayatengeneza kwa mkono. Angalia zaidi alfajiri, maana usiku mimea nayo inavuta oksijeni, na asubuhi ndipo pumzi iko chini kabisa. Tetra wakiwa wote juu wanafungua kinywa, ni hatari. Samaki-kipepeo akiwa juu, yuko nyumbani kwake.

Kama chujio limelala bila umeme saa nyingi, usiliwashe tu. Maji yaliyokwama ndani yameoza. Limwage, lioshe kwa maji ya akwariamu yenyewe, si ya bomba, ndipo liwashwe.

Kununua, na kutorudisha

Mwombe mvuvi samaki aliyeshikwa kwa kitunga ao wavu mdogo. Aliyevuliwa kwa sumu, jambo ambalo sheria inakataza, anaweza kuonekana mzima leo na kufa kesho kutwa, sababu matamvua yamekwisha kuungua. Tena kununua kwa anayevua kwa sumu ni kumlipa aue hata watoto wa samaki ambao wangekuwa chakula cha mwaka unaofuata.

Na kama umechoka na akwariamu, usimwage mtoni samaki ao majani yaliyotoka nchi nyingine. Jani linaloelea ambalo watu wanaliita Congo ya sika lilitoka Amerika ya Kusini. Lilipelekwa nchi nyingi sababu ya maua yake mazuri, na katika miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha kuenea juu ya mto, likifunga njia za mitumbwi na masuwa. Mpaka leo halijaisha. Wale walioanza kulipanda waliangalia rangi tu.